Komeo la Ndani

"Mtu mmeshapewa, sasa picha za nini?"

Mkurugenzi wa Makazi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa mapokezi, mikono kiunoni, na sauti yake ilipanda mpaka ghorofa ya pili ikarudi chini. Mlinzi alitazama viatu vyake. Dada wa mapokezi akajifanya anatafuta kalamu.

Inspekta alikuwa amepiga magoti sakafuni, nusu ya mwili imemezwa na turubai la buluu lililofunika ukuta mzima. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kituoni, mtaani, hata kwa wakwe zake aliitwa Sindano, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa sababu akishachoma mahali hatoki mpaka uzi upite.

"Koplo, piga tena hapa. Karibu zaidi."

Koplo wake, ambaye ndiye aliyekuwa dereva, mpiga picha na mbeba mizigo, akaingia chini ya turubai na kamera.

Kitu kilichokuwa nyuma ya turubai kilikuwa sanaa. Hivyo ndivyo kibao cha shaba kilivyosema: *Upeo*, kazi ya dhahania, imeagizwa kwa ajili ya jengo jipya la Idara ya Makazi. Mabati, nondo, mageti na fremu za madirisha vilikuwa vimechomelewa pamoja, vikapandishwa ukutani, kisha vikapakwa rangi ya fedha kuanzia chini hadi juu. Hakikuwa na kichwa wala mkia. Msanii mwenyewe alisema ni taifa linaloinuka. Wafanyakazi wa jengo, ambao ndio wangekitazama kila siku ya Mungu, walikuwa wamekipa jina lao: Ajali. Kesho asubuhi Waziri alikuwa anakuja kuvuta pazia.

Jana, saa ya chakula, Ajali nayo ilikuwa imepata ajali. Kifuani mwake, mahali ambapo mtu mzima hafiki bila ngazi, rangi ilikuwa imemwagiwa dawa ya kubandulia, ikafura, ikakwanguliwa. Debe la dawa lilikuwa la msanii, ameliacha wazi chini ya ngazi yake.

Sindano alipanda ngazi hiyo akatazama kwa muda mrefu kuliko Mkurugenzi alivyoweza kuvumilia.

"Mama, nimekuuliza."

"Nimekusikia, Mkurugenzi. Mtu mwenye chuki na kazi hii angemwaga dawa popote, apige nyundo, aondoke. Huyu ameanzia kwenye pembe, akafuata ukingo wa kipande kimoja, hajatoka nje yake hata kidogo. Tena alipofika kwenye rangi ya chini amepunguza mkono ili isitoke. Hakuwa anaharibu. Alikuwa anafunua."

"Anafunua nini?"

Kipande hicho kilikuwa mlango wa chuma, mzima, ungali umeshikana na fremu yake. Chini ya rangi ya fedha zilikuwa zimejitokeza herufi nyekundu zilizochorwa kwa brashi: TUTAFI. Zilizobaki zilikuwa bado zimefunikwa. Na ubavuni mwa mlango kulikuwa na komeo nene kama kidole gumba, limeingia kwenye tundu la fremu, limepinda kama mtu aliyevunjwa kiuno.

Jambo la pili aliliona chini ya komeo. Kiwambo chembamba cha plastiki kilikuwa kimeyeyuka na kugandia kwenye chuma. Alikibandua kwa kibanio, akakiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ncha ya kidole cha glavu, zile nyepesi za kuvaa na kutupa. Ndani yake kulikuwa na doa jeusi.

Akakitia kwenye mfuko wa vielelezo, akashuka.

"Nipelekeni kwa huyo mtu wenu."

Mtu wao alikuwa mchoraji, mzee kidogo, mwenye ndevu zenye rangi tatu, mbili kati yake za mafuta. Walikuwa wamemfungia tangu alfajiri kwenye chumba cha walinzi, kwa sababu aliwania kazi ya ukuta ule akanyimwa, kisha akaandika gazetini kwamba Idara imenunua chuma chakavu na kukipaka poda.

"Nyoosha mikono," Sindano alimwambia.

"Tunaomba dua?"

"Geuza. Viganja."

Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya kila namna, lakini ngozi ilikuwa nzima, hata mkwaruzo hakuna. Dawa ile ilikuwa imeyeyusha glavu. Aliyekuwa ndani ya glavu hakuweza kusalimika.

"Jana saa ya chakula ulikuwa wapi?"

"Shuleni. Darasa zima la watoto lilikuwa linanitazama nikichora kuku. Waulize. Watakwambia hata kuku hakufanana."

"Unaichukia ile kazi."

"Naichukia kwa moyo mmoja. Ndiyo maana nisingeigusa!" Mchoraji alipiga meza. "Adui yako akitoka nje amevaa ovyo, utamkimbilia na shuka? Mimi nilikuwa nimeshanunua suti ya kuja kesho kumtazama Waziri akivuta lile pazia. Na hawa wamenilaza kwenye sakafu kama gunia!"

"Nenda nyumbani, mzee wangu."

Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Unamwachia?"

"Hakuna nilichomkamatia."

"Nampigia mkubwa wako sasa hivi."

"Mpigie. Muulize pia ni nani aliwaruhusu kumfungia raia kwenye chumba cha walinzi."

Simu ya Sindano ililia kabla hajafika ukumbini. Mkuu wa kituo hakusalimia. "Sindano, hiyo ni rangi, si maiti. Kamata mtu, waache wapake upya, tulale." Akakata.

Msanii alikuwa ukumbini, jitu la mtu lenye aproni ya ngozi, mkononi ana bomba la kupulizia rangi. Alikuwa analalamika peke yake kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Wamemchuna mwanangu! Mtu anazaa, anamlea, anamvisha, wanakuja wanamchuna ngozi!"

"Weka hilo bomba chini," Sindano alisema. "Hakuna atakayepaka kitu mpaka niseme. Huu mlango uliutoa wapi?"

"Siyo mlango. Ulikuwa mlango. Sasa ni bapa la katikati, ndilo linaloshika kazi nzima."

"Kabla haujawa bapa."

"Kule bondeni, siku walipobomoa. Mkurugenzi mwenyewe aliniruhusu nifuate nyuma ya tingatinga na lori langu. Vyuma vyote hivi ni vya kule. Lilikuwa wazo zuri sana, au siyo? Mtaa wa zamani unazaliwa upya."

"Wenyewe waliomba huo mtaa uzaliwe upya?"

Msanii alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Walikuwa wameshahama. Niliambiwa ni mabaki."

"Uliukuta umekaaje?"

"Umelala chini ya matofali, umeshikana na fremu yake. Ndiyo uzuri wake! Vingine vilitoka vipande vipande, huu ulitoka kama ulivyo. Tuliuvuta kwa mnyororo wakati tingatinga bado linanguruma nyumba ya pili."

"Na komeo?"

Hapo uso wa yule mtu ukalainika. Alipanda ngazi hatua mbili, akalionyesha kwa kidole bila kuligusa.

"Hili sijalitia hata nyundo. Nilijaribu kupinda jingine lifanane nalo, nikashindwa. Tazama mpindo huu. Hakuna fundi anayeweza kuupata. Kazi yangu yote imening'inia hapa."

"Limepindwa na nini?"

"Nguvu," alisema msanii, kama anayemsifu mtu.

Sindano alitazama zile herufi, akatazama komeo. Vyote vilikuwa upande mmoja. Maandishi mlangoni huandikwa yasomwe na mpita njia. Basi na komeo lilikuwa la nje. Mtu anatoka asubuhi, anasukuma komeo, anapiga kufuli, anakwenda zake. Hakuna la ajabu. Akaliacha hapo, akaenda kwa dada wa mapokezi na mfuko wake wa vielelezo.

"Dada, hebu tazama. Doa hili unalijua?"

Dada wa mapokezi alilisogeza karibu na macho, kisha mkono mwingine ukaenda wenyewe kichwani kwake. "Si hii dawa ya nywele? Ya kutia weusi."

"Nani huja hapa anashika dawa ya nywele?"

Yule dada alimtupia jicho Mkurugenzi, aliyekuwa anafoka kwenye simu karibu na lifti, akashusha sauti.

"Yupo mmoja, msusi. Huja kufuatilia habari ya baba yake, aliyefukiwa kule bondeni. Idara ilishamjibu kwamba mzee aliingia kwenye vifusi baada ya kazi kwisha, akitafuta vyombo vyake, ukuta uliobaki ukamwangukia. Lakini haachi kuja. Alikuwapo siku walipokuwa wanapandisha hii Ajali ukutani, kabla haijapakwa rangi. Alisimama akaitazama mpaka nikamwuliza, dada unaumwa?"

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alikaa chini. Na jana nimekwenda kula nikamwacha kwenye benchi, niliporudi hayupo."

Mlinzi alipoulizwa alijitetea kabla hajamaliza kuulizwa. Ndiyo, alitoka kuvuta sigara. Ndiyo, harufu aliisikia, tena kali. Lakini harufu ya rangi ilikuwa imejaa jengo wiki nzima, na nyuma ya turubai siku zote kulikuwa na mtu anakwangua. Angejuaje kwamba jana si msanii?

Saluni ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na kikausha nywele kimoja kilichofungwa kwa waya ili kisidondoke. Mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama iliyoshtuka. Aliyekuwa anasuka alikuwa msichana asiye na uzoefu. Mwenye saluni alikuwa pembeni, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anaelekeza kwa mdomo.

"Vuta kidogo, wifi. Hapana, usimng'oe. Vuta."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Habari za hapa," Sindano alisema. "Mkono umefanya nini?"

"Maji ya moto."

"Maji ya moto hayayeyushi glavu." Akauweka mfuko juu ya meza, kati ya vitana.

Wifi aliacha kusuka. Msusi aliutazama mfuko, kisha akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Umekuja peke yako? Nilidhani mtakuja na gari zima."

"Gari lipo nje. Wateja watupishe kidogo."

"Mimi siondoki na nusu kichwa," alisema mteja kwenye kiti. "Semeni tu, sina masikio."

Msusi alicheka kicheko kikavu. "Acha akae. Sina siri. Nimelisema jambo hili kila ofisi yenye mlango. Ule mlango ni wetu."

"Nimeona umefungwa na komeo lake."

"Ulikuwa ubao wa nyuma wa lori, ule wa chuma. Baba aliliendesha lile lori mpaka likamfia njiani. Akakata ubao wa nyuma, akautia bawaba, akaufanya mlango. *Tutafika Tu.* Ndiyo maandishi yake. Watu walimcheka, mzee mlango umeuvaa kinyume! Akawajibu, nyinyi wapita njia mna safari zenu, hili neno ni langu, nataka nilione nikiamka."

Sindano alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Rudia hapo. Umeuvaa kinyume, kivipi?"

"Si maandishi aliyageuzia ndani. Kitandani kwake aliyaona."

"Maandishi yalikuwa ndani ya nyumba?"

"Ndani. Nje ulikuwa mtupu, na pete mbili za kufuli."

"Na komeo?"

"Komeo la ndani. Alilichomelea mwenyewe, nene hivi, kwa sababu ya vibaka."

Hata mteja alikuwa amegeuza shingo.

"Nyumba ilikuwa na mlango mwingine?"

"Nyumba gani? Chumba na sebule. Mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo. Asubuhi ile aliamka na homa. Nikamwachia uji kwenye chupa, nikamwambia baba jifungie ulale, nitarudi mchana. Nilisubiri nje mpaka nikasikia komeo linaingia." Alikuwa haongei tena kwa sauti ya saluni. "Sikio lake moja liliuawa na injini. Akilalia lile zima, hata ngoma ipigwe hasikii. Na tangazo walilobandika lilitupa mpaka mwisho wa mwezi! Mwisho wa mwezi! Walikuja kabla. Nimerudi mchana nakuta uwanja. Nakuta watu wanapakia mabati. Nawaambia baba yangu yuko wapi, wananiambia dada toka njiani, gari linarudi nyuma."

"Ulipiga ripoti?"

"Kwenu! Kituoni kwenu hapo hapo! Mwenzako aliniambia ukuta haushtakiwi. Alinipa pole na kiti." Akasimama, ndoo ikaanguka. "Kila mtu ananiambia tulia. Mama, mimi siyo mgonjwa, nitulie niwe nini? Wamemzika kwenye ripoti yao kama mzee mwizi wa vifusi, halafu mlango wake wameutundika ukutani ili Waziri aupigie makofi!"

Sindano alimwacha amalize. Kalamu alikuwa ameishika kama anataka kuivunja.

"Kwa nini hukuling'oa komeo ukaondoka nalo?"

"Wangesema nimelipinda kwa nyundo jikoni. Nilitaka lionekane pale pale lilipo. Waziri avute pazia, watu wasome. Ila dawa ilikula glavu, ikanila na mimi, nikasikia viatu, nikashuka."

"Unajua nimekuja kukukamata. Ni mali ya serikali ile."

Wifi akaanza kulia. Msusi hakulia. Alifikiri kidogo, kisha akachukua mtandio wake kwenye msumari.

"Nikamate. Lakini andika vizuri. Nimebandua rangi kwenye nini?"

"Kwenye mlango."

"Basi mlango ndio kielelezo. Nikishtakiwa mimi, mlango nao unakwenda mahakamani, au nimekosea?"

"Hujakosea."

"Twende. Wifi, mmalizie dada kichwa, usimpunguzie bei, amesikiliza."

Waliisikia mashine kabla ya kuingia jengoni. Grinda ya kukatia chuma ilikuwa inazunguka hewani, bado haijauma kitu. Turubai lilikuwa limevutwa pembeni. Msanii alikuwa juu ya ngazi, mashine mkononi, anapiga kelele kuishinda injini, na Mkurugenzi alikuwa chini anapiga kelele kumshinda msanii.

"Kata nakwambia! Kata kipande hicho chote, ziba kwa bati!"

"Ukikata hapa unaua kazi! Kaa wewe basi hapa juu uniambie itashikwa na nini!"

"Zima!" Sindano alisema.

Msanii akazima. Alionekana kushukuru.

"Nani ameagiza kukata? Nilisema hakuna kugusa."

"Mimi," Mkurugenzi alisema. "Jengo ni langu. Huyu ameniambia ulikuwa unauliza makomeo. Sina muda wa makomeo. Kesho kuna uzinduzi."

"Nilimwuliza yeye kuhusu komeo, wewe ukaagiza likatwe. Sawa. Koplo, panda. Pitisha simu nyuma ya huo mlango, upande unaotazama ukuta. Piga picha, uniambie unaona nini."

Koplo akapanda, akabana shavu kwenye chuma, mkono ukapotea nyuma ya mabati. Mwanga ukamulika mara moja, mara mbili. Akashuka akiitazama simu.

"Kuna pete mbili za kufuli, afande. Kufuli hakuna."

"Basi huo ndio upande wa nje." Sindano akamgeukia Mkurugenzi, sauti imeshuka. "Siku ya kubomoa, nani alikagua nyumba?"

"Mimi mwenyewe. Sikumwachia mtu. Nilipita nyumba kwa nyumba mbele ya tingatinga, nikasukuma kila mlango kwa mkono huu."

"Na huu?"

"Huo na mingine yote."

"Ukafunguka?"

"Ukafunguka. Nikachungulia, hamna mtu. Iliandikwa hivyo, na ninarudia hivyo hivyo. Yule mzee aliingia baadaye. Huyo binti yake anajua, ila anatafuta wa kumlaumu."

Msusi alitaka kusema, Sindano akamshika bega.

"Msanii. Wewe uliuvuta kwa mnyororo wakati tingatinga bado liko nyumba ya pili. Ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Umefungwa. Nilikwambia, komeo limo kwenye fremu kama hivi unavyoliona. Sijaligusa."

"Halijaguswa. Likagongwa kutoka nje likapinda ndani ya tundu lake." Sindano alisema polepole, kama anayemsomea mtu asiyejua kusoma. "Mlango mmoja, dirisha la nondo, komeo la ndani, limefungwa. Nyumba tupu haijifungii, Mkurugenzi. Na mlango uliofungwa kwa ndani hausukumwi ukafunguka. Ama hukuusukuma kabisa, ama uliusukuma ukagoma, ukajua kuna mtu, ukaruhusu mashine. Chagua moja. Nina nafasi ya kuandika lolote."

Mkurugenzi alilegeza tai, akatazama ngazi.

Msanii alikuwa ameshuka ngazi. Alitazama lile komeo, akamtazama msusi na mkono wake uliofungwa, akarudisha macho kwenye komeo. Lile jitu lilionekana limepungua.

"Mzee alikuwa ndani?"

"Alikuwa amelala," msusi alisema.

"Sikujua, dada. Naapa sikujua."

"Hukuuliza."

Msanii aliiweka grinda sakafuni kwa mikono miwili, kama anayeweka kitu kinachoweza kuamka. Na hapo ndipo Mkurugenzi alipoifanya kazi ya Sindano iwe rahisi. Aliinama, akaikwapua mashine, akapanda ngazi kwa viatu vyake vya ngozi, tai imemrukia begani.

"Sitafungiwa jengo kwa sababu ya mlango wa kibanda!"

Aliisukumiza kwenye komeo. Mashine haikulia. Aliigeuza, akaibonyeza huku, akaibonyeza kule. Mtu aliyelaza mtaa mzima chini hakujua swichi ya grinda iko wapi. Dada wa mapokezi alijiziba mdomo, na haikujulikana kama ni hofu au kicheko. Mashine ilipokubali ghafla, ilimruka mkononi, ikachora mstari wa cheche kwenye bati la jirani. Kisha ikafa. Sindano alikuwa amesimama karibu na ukuta na waya ameushika mkononi.

"Koplo, mteremshe. Mbele ya mashahidi wote hawa, amejaribu kuharibu kielelezo."

"Hujui unamgusa nani!"

"Nitaandika cheo chako chote, usijali. Shuka taratibu, ngazi inateleza."

Koplo alimshusha kwa mkono mmoja, grinda kwa mwingine. Sindano alivuta utepe wa polisi kutoka nguzo hadi nguzo, mbele ya ukuta mzima, akamwambia mlinzi kwamba kuanzia sasa sigara zake atavutia hapo hapo akitazama chuma hiki, na kikipungua hata msumari ataulizwa yeye. Mlinzi akasema ndiyo mama kabla sentensi haijaisha.

Simu ililia. Mkuu wa kituo.

"Umekamata?"

"Nimekamata, afande. Aliyebandua rangi, amekiri. Na Mkurugenzi wa Makazi, kwa kujaribu kuharibu ushahidi. Nafungua na jalada la kifo cha yule mzee wa bondeni."



"Sindano, jalada hilo lilifungwa."

"Lilifungwa na nani, afande? Nataka jina lake, nimwandike naye."

Simu ikakatika. Alingoja kidogo kuona kama italia tena. Haikulia. Alijua kesho ingelia sana, na si kutoka kwa mkuu wa kituo peke yake. Aliitia mfukoni.

Nje kulikuwa na gari moja tu, lile la kituo, na kiti cha nyuma kilikuwa kimoja. Wafanyakazi walikuwa wamejaa madirishani ghorofa zote, hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Koplo alimwingiza Mkurugenzi kwanza. Mkurugenzi alikaa katikati kabisa, magoti wazi, kama alivyozoea kukaa kwenye magari yanayomngoja yeye peke yake, akatazama mbele.

Msusi alifika mlangoni, mkono wake mbovu kifuani. Alimtazama yule mtu, akatazama nafasi iliyobaki, haikumtosha.

"Sogea," alimwambia.

Mkurugenzi alimtazama Sindano. Sindano alikuwa anatafuta funguo za gari.

Akasogea.